Mwulizeni Mgonjwa Mwenyewe: Barua ya Wazi Kuhusu Tiba ya Umeme

Kwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Kenya,
Kwa magavana wa kaunti zetu 47 na mawaziri wao wa afya,
Kwa wakurugenzi wa hospitali zinazotibu maradhi ya akili,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu tiba ya umeme wanayopewa wagonjwa wa akili, ile ambayo mitaani kwetu Mombasa watu huita kupigwa shoti, na hasa kuhusu namna mgonjwa na jamaa zake wanavyofikishwa mahali pa kusema ndiyo au la. Sina ugomvi na tiba yenyewe. Dada yangu aliipata, ikamrudishia usingizi, chakula na maneno. Ninalolalamikia ni kwamba idhini ilitolewa na mtu asiye yeye, kwenye fomu ambayo aliyetia saini hakuielewa, baada ya maelezo yasiyofika hata nusu. Miaka imepita na hasira yake juu ya jambo hilo haijapungua, ingawa leo ni mzima, anafanya biashara yake na anawacheka wanaomwonea huruma.

Naandika kwa ruhusa yake. Ameisoma barua hii kabla yenu, akafuta alichotaka kufuta na kuongeza sentensi zake. Ni yeye pia aliyekataa hospitali itajwe. Anasema ikitajwa moja, nyingine zote zitashusha pumzi.

Dada ana maradhi ya baipola, yanayomyumbisha mtu kati ya huzuni nzito na uchangamfu uliopita kiasi. Kwa muda mrefu vidonge vilimtosha. Kisha ikaja huzuni ambayo vidonge havikuigusa. Aliacha kula, akaacha kuoga, mwisho akaacha kusema, akawa analala macho wazi akiutazama ukuta. Katika maneno machache ya mwisho aliyotamka alituambia kwamba ameshakufa na kwamba tunamchelewesha kuzikwa. Walio karibu na ugonjwa huu wanajua mtu akifika hapo amefika wapi.

Nyumbani tulikaa kikao. Mama alisema ni jini, lipungwe liondoke. Mjomba akamleta maalim akasoma. Shemeji, mumewe, alitaka hospitali tangu mwanzo, na mwishowe sote tulikwenda. Daktari alipotaja umeme, mama aliinuka akachukua mkoba wake.

Naomba muielewe hofu ile kabla ya kuiita ujinga. Katika mitaa yetu stima ni kitu kinachoua. Nyaya zilizounganishwa kiholela hupita juu ya mabati, mvua inanyesha, mtoto anashika ukuta na hainuki tena. Mzazi aliyeishi miaka yote akiwapiga watoto mikono wasiguse soketi anaambiwa leo kwamba binti yake atatiwa umeme kichwani, tena kwa faida yake. Ongezeni hapo sifa ya mahali penyewe. Hospitali ya Mathari, ile ya wagonjwa wa akili kule Nairobi, ilianza mwaka 1910 kama kituo cha kikoloni cha kuwafungia walioitwa wendawazimu, kwenye majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mtoto wa shule akitaka kumtukana mwenzake humwambia katoroka Mathare. Hofu ya namna hiyo haihitaji mganga wa kuichochea.

Tena ina chimbuko katika historia ya tiba yenyewe. Madaktari wawili wa Italia, Ugo Cerletti na Lucio Bini, ndio walioanza kuitumia, mjini Roma, mwaka 1938. Wagonjwa wa mwanzo walitiwa umeme bila dawa ya usingizi. Mwili mzima ulitupwa na degedege, na wapo waliovunjika mifupa, hata uti wa mgongo. Dawa za kulegeza misuli zilikuja baadaye. Katika nchi nyingi tiba hii ilitumiwa pia kuwanyamazisha wagonjwa wasumbufu, na filamu za zamani zikaitangaza picha hiyo dunia nzima. Kwa hiyo mzee anayesema alisikia mtu alifungwa kitandani akawa anarukaruka, hasemi uongo. Anaeleza jambo lililokuwepo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kilichobadilika.

Niliyoyajua baadaye niliyatafuta mwenyewe, na yote yangesemeka kwa robo saa. Mgonjwa halishwi kitu tangu usiku. Anapimwa moyo, anawekewa sindano ya mshipani, anapewa dawa ya usingizi na nyingine ya kulegeza misuli, anavutishwa oksijeni, anawekewa kitu cha kuuma asijikate ulimi. Umeme wenyewe hupita kwa sekunde chache tu. Lengo lake ni kuuamsha ubongo uingie kwenye degedege, ambalo kwa kawaida haliishi hata dakika moja, na kwa kuwa misuli imelegezwa, mtazamaji huona pengine mguu ukitikisika kidogo, basi. Mgonjwa huamka baada ya dakika kadhaa, amechanganyikiwa, kichwa kinamgonga, taya zinauma. Hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, na dozi nzima mara nyingi huwa kati ya mara 6 na 12. Madaktari wenyewe hawajamaliza kueleza kwa nini inafanya kazi. Kwamba inafanya kazi kwa huzuni nzito, hilo limepimwa: mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi, ukaonyesha inashinda umeme wa kuigiza, yaani mgonjwa kuandaliwa vile vile bila kutiwa umeme, na inashinda dawa. Vifo ni nadra sana, takriban viwili katika kila mara 100,000 inapofanywa. Na wanaofaidika zaidi ni wale hasa wa namna ya dada yangu, walioacha kula, walioingiwa na imani kwamba wamekufa au wameoza, na wazee ambao vidonge vimeshindwa kuwainua.

Mama angeelezwa hivi, kwa Kiswahili cha nyumbani, na mtu aliyeketi, angeuliza maswali yake na angeuweka mkoba chini. Namjua mama. Badala yake aliambiwa, "Mama, hii ni tiba ya kisasa, msiogope." Kumwambia mtu asiogope ndiko kumwambia kwamba kuna la kuogopwa na hataambiwa ni lipi.

Hapa kuna jambo wahudumu wetu hawalipendi kusikia. Mganga na maalim wanaaminiwa kwa sababu wanakaa. Mganga huuliza ugonjwa ulianza lini, nani alikuwepo, mgonjwa aliota nini. Humweleza kila mtu chumbani anachokusudia kufanya na kwa nini, na hujibu swali moja hata likiulizwa mara nne. Anachokieleza kinaweza kuwa si kweli, lakini anakieleza. Hospitalini tulimwona daktari bingwa kwa muda wa kuandika karatasi. Najua madaktari wa akili ni wachache mno nchini na foleni ni ndefu, na simlaumu yule kijana aliyekuwa zamu. Lakini maelezo ya robo saa si lazima yatoke kwa bingwa. Muuguzi aliyefunzwa anaweza. Mtu aliyepitia tiba hiyo akapona anaweza zaidi, kwa sababu yeye ataulizwa maswali ambayo daktari haulizwi.

Nikija kwenye kile tusichoambiwa kabisa, ndipo barua inakuwa ngumu.

La kwanza ni kumbukumbu. Tuliambiwa "atasahausahau kidogo, itarudi." Kuna ukweli ndani yake: uwezo wa kushika mambo mapya hurudi kwa wengi baada ya wiki chache. Lakini mambo yaliyotokea miezi ya kabla ya tiba, na pengine nyuma zaidi, yanaweza kufutika yasirudi. Binti mkubwa wa dada aliolewa miezi michache kabla ya ugonjwa kuzidi. Dada hana harusi ile. Anajiona kwenye video akipiga vigelegele, amevaa leso asiyokumbuka kuinunua, amemkumbatia mkwe asiyekumbuka kumkubali. Huitazama video hiyo mara kwa mara, si kwa huzuni, anasema, bali kama mtu anayesomea mtihani, ili wengine wakiisimulia naye awe na la kuchangia.

Hilo si la dada yangu peke yake. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa Diana Rose na wenzake kuhusu maoni ya waliopata tiba hii. Walikuta angalau theluthi moja ya wagonjwa wanasema wamepoteza kumbukumbu kwa kudumu. Walikuta na jambo jingine ambalo lingewapasa wakurugenzi walibandike ukutani: wagonjwa walipoulizwa na madaktari walionekana kuridhika zaidi kuliko walipoulizwa na wagonjwa wenzao. Mtu aliyelala kwenye kitanda chako hakuambii yote.

Na kuna namna za kupunguza hasara hiyo. Vidude vya umeme vikiwekwa upande mmoja wa kichwa, upande wa kulia, kumbukumbu huathirika kidogo kuliko vikiwekwa pande zote mbili, ingawa katika hali ya dharura daktari anaweza kuona pande mbili ndizo zinazohitajika. Mashine za kisasa zinazotoa umeme kwa mipigo mifupi zinaharibu kumbukumbu kidogo kuliko zile za kizamani zenye mkondo wa mawimbi. Sisi hatukujua kwamba kuna kuchagua. Hatukujua ni mashine gani inayotumika. Mpaka leo hatujui.

La pili tusiloambiwa ni kwamba tiba hii hailindi mtu baada ya kwisha. Jamaa husikia "atapona" na hufahamu kuwa amepona. Mwaka 2001 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha jaribio la Harold Sackeim na wenzake kwa watu waliokwisha kupata nafuu kwa umeme. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, 84 kati ya 100 waliugua tena ndani ya miezi sita. Waliopewa dawa moja ya sonona, 60. Waliopewa dawa hiyo pamoja na lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia, 39. Tazameni tofauti hiyo, kisha mfikirie familia iliyouza mbuzi kumleta mgonjwa hospitali, imemwona anacheka, imemrudisha Kwale au Lodwar, na haijui kwamba miezi sita inayofuata ndiyo ya hatari. Wanaona vidonge ni vya nini tena, mtu kapona. Akiugua upya, wanasema umeme ulikuwa uongo, au jini limerudi, na jirani aliyekuwa anafikiria kumleta mwanawe anabadilisha nia. Lithiamu nayo inataka damu ipimwe mara kwa mara. Magavana, hili ni lenu: ni hospitali ngapi za kaunti yako zinazoweza kukipima kiwango cha lithiamu kwenye damu leo hii?

Sasa nirudi kwenye fomu.

Shemeji ni mtu mwema. Ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, na kipindi kile watoto walikuwa wanalala kwangu. Alitia saini akiwa amesimama kwenye korido. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Baadaye aliniambia alidhani ni ya malipo.

Lakini hata angeielewa neno kwa neno, bado kungekuwa na tatizo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mgonjwa na jamaa zake si mtu mmoja. Sisi jamaa tunamwona mgonjwa kwa nje. Akila, tumeshukuru. Akioga, tumeshukuru. Akiacha kulia usiku, nyumba nzima imelala. Kwa shemeji, mkewe alipona siku ile aliyoomba chai. Hasara za ndani hatuzioni na hatuzilipi: harusi iliyofutika, aibu ya kumwuliza jirani jina lake, miezi ya kuuliza jambo lile lile mara mbili huku watoto wakitazamana. Kwa hiyo ukiuliza familia kuhusu tiba ya umeme baada ya kufanikiwa, utapata sifa tupu; ukimwuliza mgonjwa, utapata sifa na hesabu. Utafiti uliofanywa Vellore, kusini mwa India, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta picha hiyo hiyo, jamaa wameridhika zaidi, wagonjwa wengi hawakuelewa walichofanyiwa na hawakufurahia jinsi idhini ilivyopatikana. India nako, kama kwetu, familia ndiyo inayolala nje ya wadi, ndiyo inayolipa, ndiyo inayopika na kuleta chakula, basi daktari hugeukia familia. Nami sisemi familia iondolewe. Bila sisi dada yangu angekufa njaa. Nasema tusimamie pembeni yake, tusisimame mahali pake.

Msinijibu kwamba kusaini kunatosha. Diana Rose na wenzake walirudi tena mwaka 2005 na mapitio mengine: kama theluthi moja ya wagonjwa hawakuhisi walikubali kwa hiari, hata kama saini yao iko kwenye karatasi. Na hao wengi walikuwa watu waliopewa fomu kwa lugha yao ya kuzaliwa.

Sheria tunazo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Katiba, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Marekebisho ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 inamtambua mgonjwa kuwa ana haki ya kushiriki katika mipango ya matibabu yake. Bunge limefanya kazi yake. Kilichobaki ni karatasi, meza, kiti na mtu wa kuketi. Hii ndiyo sababu sikubali kuambiwa tusubiri bajeti.

Najua swali mtakaloniuliza. Mtu anayeamini amekufa anaulizwaje? Halili, hanywi, hasemi, siku zinahesabika. Ni swali la haki na sina jibu jepesi. Singetaka dada yangu aachwe afe kwa kuwa hakuweza kushika kalamu. Katika hali kama hiyo mtu mwingine lazima aamue, na afadhali awe jamaa aliyeelezwa vizuri kuliko jamaa anayedhani analipia kitanda. Lakini hata hapo kuna mambo yanayowezekana. Mgonjwa aambiwe, hata kama hajibu. Sentensi inayofuata kaiandika dada mwenyewe: Nilikuwa nasikia kila kitu, nikasikia wakizungumza juu yangu kama kabati linalohamishwa. Kisha, tiba ikianza kufanya kazi na mgonjwa akaanza kusema, pengine baada ya mara ya tatu au ya nne, aulizwe upya, yeye mwenyewe: tuendelee? Hakuna aliyefanya hivyo. Aliendelea kupelekwa mpaka dozi ikaisha, sasa akiwa anazungumza kabisa, anaomba gazeti, anauliza kwa nini kichwa kinamuuma Jumatatu na Alhamisi.

Na kuna lugha inayotumika ndani ya wadi ambayo wakurugenzi mnaweza kuikomesha kwa waraka mmoja. Dada alisikia mgonjwa mwenzake akitishwa: ukisumbua, kesho zamu yako ya shoti. Huenda aliyesema alikuwa anatania. Lakini tiba ikitajwa mara moja tu kama adhabu, hakuna bango wala siku ya maadhimisho itakayoifanya iwe tiba tena machoni pa wale walioisikia, nao huenda nyumbani wakasimulia.

Jambo moja limewasaidia watu wetu hivi karibuni bila wengi kutambua uhusiano wake na haya. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo familia ilikuwa inaficha. Mtu akinywa sumu, ilisemwa alikosea chupa, kwa kuogopa polisi kitandani. Daktari asipojua kwamba mgonjwa amejaribu kujiua hawezi kupima uharaka, na umeme ni mojawapo ya tiba zinazotumika pale ambapo kusubiri wiki za vidonge ni hatari. Sasa familia inaweza kusema ukweli mlangoni. Wafunzeni basi wanaopokea wagonjwa kuuliza kwa upole, maana hofu ya polisi haiondoki siku moja na hukumu.

Kuhusu usalama nitasema kidogo, kwa kuwa ni jambo la kuonyeshwa zaidi kuliko kubishaniwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema tangu 2005 kwamba tiba hii itolewe kwa idhini ya mgonjwa aliyeelezwa, na pamoja na dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, na kwamba ile ya kavukavu, isiyo na dawa hizo, isitishwe. India iliandika katazo hilo kwenye sheria yake ya mwaka 2017. Tunaomba Wizara ichapishe, kila mwaka, ni hospitali zipi za umma na za binafsi zinazotoa tiba hii nchini, wagonjwa wangapi wamepewa, kwa maradhi gani, wangapi waliidhinisha wenyewe na wangapi waliidhinishiwa, mashine ni za aina gani, na kama kila mara alikuwepo mtaalamu wa nusukaputi, yaani wa dawa ya usingizi. Kama yote yanakwenda sawa, hesabu hizo zitawatetea kuliko hotuba. Ikiwa siku fulani mtaalamu hayupo, tiba iahirishwe, na jamaa waambiwe sababu.

Fomu ya idhini iandikwe kwa Kiswahili, na pale inapobidi isomwe kwa Kigiriama, Kisomali, Kiturkana au Dholuo na mtu anayeijua lugha, si mfagiaji aliyeitwa kutoka korido. Iseme wazi kwamba baadhi ya kumbukumbu za nyuma zinaweza zisirudi. Iseme kwamba mgonjwa anaweza kubadilisha nia katikati. Iseme kitakachofuata baada ya tiba na nani atakayempima. Itiwe saini baada ya siku moja ya kufikiri, isipokuwa pale ambapo siku moja ni nyingi. Na mashirika ya wagonjwa wenyewe yaitwe kuiandika pamoja nanyi, kabla ya kuchapwa, si kuonyeshwa baada.

Nimebakiza ombi la dada, ambalo kwake ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika.

Yeye hakatai umeme. Aliponiambia hivyo mara ya kwanza nilishangaa. Anasema akizidiwa tena, akafika pale pa kuutazama ukuta, anataka apewe, na mapema, asisubiriwe mpaka mifupa ionekane. Lakini anataka uwekwe upande wa kulia kwanza. Anataka mimi ndiye niitwe, si mumewe, na mumewe amekubali. Anataka aulizwe upya kila anapoanza kusema. Anataka watoto waambiwe ukweli. Na anataka kabla ya kuanza niandike kwenye daftari mambo ya mwaka ule, nani kazaliwa, nani kafa, nani kaolewa, ili aamke ayakute.

Yote hayo ameyaandika kwa mkono wake, akiwa mzima, akatia saini, na sisi wawili tukatia saini kama mashahidi. Alipoenda kliniki alimpa karani wa masjala aiweke kwenye faili lake. Karani aliisoma mpaka mwisho, kwa heshima, akasema ni barua nzuri, ila faili halina sehemu ya karatasi kama ile, akamrudishia. Tunangoja mtwambie iwekwe wapi.

Wenu katika utumishi,
Mwalimu wa sekondari, Mombasa
Kwa niaba yangu na ya dada yangu